RAMADHANI, SIKU YA 15: Al-Khwarizmi na haki iliyomo ndani ya sehemu



Ndugu zangu, dada zangu na wazee wangu wa msikiti wetu, alhamdulillah tumefika nusu ya mwezi. Na kwa kuwa tumeshaitaja nusu, tafakuri ya leo inahusu nusu, robo, theluthi na wenzao.

Najua wengine mmeshaanza kukunja uso. Hesabu tena, sheikh? Na swaumu hii? Nivumilieni. Jana baada ya tarawehe kijana mmoja wa sekondari alinifuata pale kwenye viatu akaniuliza, kwa adabu kabisa, aljebra itamsaidia nini duniani, na akhera ndiyo kabisa haioni. Alikuwa amekwama kwenye milinganyo yenye sehemu. Nikamwahidi jibu lake litakuja leo humu, ili tufaidike sote. Jibu lenyewe ni maisha ya mtu mmoja.

Mtu huyo ni Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

*Alikotoka*

Alizaliwa mnamo mwaka 780 hivi, zama za Bani Abbasi. Al-Khwarizmi ni nisba, kama mtu anavyoitwa Al-Barawi kwa kuwa asili yake ni Barawa. Khwarizm ni nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika baina ya Uzbekistan na Turkmenistan. Si Uarabuni. Kiarabu alikisoma, akakimiliki, na kwa Kiarabu akaandika vitabu vilivyobadilisha dunia. Hili peke yake ni somo kwa wale wanaodhani elimu ina kabila.

Maisha yake ya kazi yalikuwa Baghdad. Mji ule ulijengwa na Khalifa Al-Mansur mwaka 762, kwa hiyo katika ujana wa Muhammad bin Musa ulikuwa bado mji mpya, una soko, una maktaba, una watu wa kila rangi.

Lakini ulikuwa pia mji ulioonja uchungu. Khalifa Harun al-Rashid alipofariki mwaka 809 aliacha utaratibu wa urithi wa ufalme baina ya wanawe, Al-Amin na Al-Ma'mun. Utaratibu haukuheshimiwa. Ndugu wakapigana. Baghdad ikazingirwa, majumba yakabomoka, na mwaka 813 Al-Amin akauawa. Muhammad bin Musa wakati huo alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu. Kizazi chake chote kiliona kwa macho urithi usiokatwa sawasawa unavyoweza kuvunja nyumba, hata iwe nyumba ya khalifa.

Al-Ma'mun alipotulia madarakani akawakusanya wanachuoni, na Bayt al-Hikma, yaani Nyumba ya Hekima, ikanawiri. Vitabu vya Wayunani, Wahindi na Wafursi vikatafsiriwa kwa Kiarabu. Humo ndimo Al-Khwarizmi alimofanya kazi. Aliandika majedwali ya nyota kwa kufuata elimu ya Wahindi. Aliandika kitabu cha sura ya ardhi, akiorodhesha miji, milima, bahari na mito pamoja na mahali pake, na kurekebisha baadhi ya vipimo vya Ptolemy. Aliandika kitabu cha kufundisha tarakimu za Kihindi, zile tisa pamoja na alama ya pasipo kitu, ambayo Waarabu waliiita sifr. Mwanao anaposema sifuri, hilo ndilo neno.

Lakini kitabu kinachotuhusu leo ni kimoja: muhtasari wa hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Jina la aljebra limetoka hapo.

*Kwa nini aliandika*

Watu wengi wanadhani aljebra ilibuniwa ili iwatese wanafunzi. Hapana, jamani. Yeye mwenyewe katika muqaddima anaeleza kwamba Al-Ma'mun ndiye aliyemtia moyo aandike kitabu kifupi cha mambo ambayo watu wanayahitaji kila siku: mirathi, wasia, kugawana mali, kesi, biashara, kupima ardhi, kuchimba mifereji. Na hakusema tu. Ukikifungua kitabu, karibu nusu yake ni masuala ya wasia na mirathi. Marehemu ameacha hiki, ameusia kile, warithi ni fulani na fulani: kila mmoja apate nini?

Sasa unaona kwa nini. Mola wetu katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na ya 12 na ile ya mwisho ya 176, amezitaja sehemu kwa majina yake: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Hakuwaachia watu wakadirie. Na angalia ndugu yangu, majina haya ni ya nyumbani kwetu. Nusu na robo tunanunulia sukari. Thumuni wazee wetu waliijua, maana senti hamsini iliitwa hivyo. Na shuleni namba ya chini ya sehemu tunaiita asili, kama vile wanachuoni wa mirathi wanavyoiita namba wanayoanzia kugawa asili ya mas-ala. Mwanafunzi anayetafuta asili moja ya sehemu tatu darasani na kadhi anayegawa mirathi wanafanya kazi moja.

Kusema kweli, Al-Khwarizmi hakuanza kutoka hewani. Watu wa Babeli, Wayunani na Wahindi walikuwa wametegua mafumbo ya namna hii kabla yake. Alichofanya ni kuipanga iwe elimu inayosimama peke yake, yenye hatua zinazofuatana, mtu wa kawaida aweze kuzifuata akafika. Aliigawa milinganyo katika aina sita, kila aina akaieleza njia yake. Tena hakutumia herufi wala alama. Kila kitu aliandika kwa maneno, hata namba. Kile kisichojulikana alikiita *shay*, yaani kitu. Basi na sisi leo tukiite hivyohivyo: kitu.

*Kuunga na kulinganisha*

Maneno mawili ya jina la kitabu ndiyo njia nzima.

*Al-jabr* ni kuunga kilichovunjika. Kwa Kiarabu neno hili hutumika pia kwa kuunga mfupa, na huko Hispania kwa muda mrefu aliyeunga mifupa aliitwa kwa jina lililotokana na al-jabr. Katika hesabu maana yake ni hii: upande mmoja ukiwa umepungukiwa, unaujazia, na upande wa pili unauongezea kiasi hichohicho ili zibaki sawa. Mfano, kumi kasoro kitu ni sawa na vitu vinne. Ile kumi imevunjika kwa kukosa kitu. Iunge, iwe kumi kamili, na kule uongeze kitu kimoja: kumi ni sawa na vitu vitano. Basi kitu ni 2.

*Al-muqabala* ni kukabilisha. Kama pande zote mbili zina cha aina moja, unaondoa kiasi sawa huku na huku, mpaka kila aina ibaki upande mmoja tu.

Ni kama mizani ya dukani. Ukiweka huku, weka na kule. Ukitoa huku, toa na kule. Mwenye kuchezea upande mmoja ameharibu mizani, na mnajua Qur'ani imewatahadharisha vipi wapunjao.

*Mas-ala ya ndugu wawili*

Hebu tuingie katika mas-ala moja ya kitabu chake mwenyewe. Chukua kalamu.

Mtu amefariki, ameacha wana wawili wa kiume. Ameusia theluthi ya mali yake apewe mtu baki. Ameacha dirhamu 10 taslimu, na dirhamu 10 nyingine ni deni analodaiwa mmoja wa wanawe. Kila mmoja atapata nini?

Mwenye haraka atasema: 10 na 10 ni 20, gawa kwa tatu, basi 6 na theluthi mbili kila mmoja. Simama hapo! Mkononi kuna 10 tu. Mtu baki na yule mwana asiyedaiwa watataka 13 na theluthi moja, zitoke wapi? Deni halijalipwa. Kinachoweza kuhesabiwa kuwa kimepatikana katika lile deni ni kiasi cha fungu la yule mwana mdaiwa tu, kwa sababu fungu lake tayari anatembea nalo mfukoni. Na fungu lake ni kiasi gani? Ndilo hatulijui. Basi liite kitu.

Mali yote inayogawiwa ni 10 na kitu.

Toa theluthi ya wasia. Theluthi yake ni 3 na theluthi moja, pamoja na theluthi ya kitu. Inabaki 6 na theluthi mbili, pamoja na theluthi mbili za kitu.

Gawa kwa wana wawili. Kila mmoja anapata 3 na theluthi moja, pamoja na theluthi ya kitu.

Lakini fungu la mwana tulishaliita kitu. Basi:

kitu = 3⅓ + ⅓ ya kitu

Huu ndio mlinganyo wenye sehemu, ndugu zangu, uleule uliomkwamisha kijana wetu. Al-Khwarizmi anafanya muqabala: theluthi ya kitu iko pande zote mbili, iondoe kotekote. Zinabaki theluthi mbili za kitu kuwa sawa na 3⅓. Kisha anakikamilisha kitu. Theluthi mbili zikiongezewa nusu yake zinakuwa kitu kizima, kwa hiyo 3⅓ nayo iongezwe nusu yake. Inakuwa 5.

Njia ya shuleni inafika palepale. Zidisha kila kipande, pande zote mbili, kwa asili ya sehemu, yaani 3. Unapata vitu vitatu ni sawa na 10 na kitu kimoja. Ondoa kitu kimoja kila upande: vitu viwili ni sawa na 10. Kitu ni 5. Kukiwa na asili zaidi ya moja, tafuta Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha asili zote, uzidishe kwa hicho. Sehemu zote zinaondoka, unabaki na namba nzima. Lakini angalizo: zidisha *kila* kipande. Wanafunzi wengi huzidisha penye sehemu tu, namba nzima wakaisahau, na hapo ndipo jibu linapopotea.

Tuhakikishe. 10 na 5 ni 15. Theluthi ni 5, ya mtu baki. Zinabaki 10, kila mwana 5. Zile 10 taslimu mtu baki kachukua 5, mwana asiyedaiwa kachukua 5. Mdaiwa fungu lake la 5 limekatwa katika deni. Salio la deni ni mlango mwingine wa fiqhi, leo hatuuingii. Angalia tu jinsi hesabu ilivyomlinda yule ndugu ambaye hakukopa chochote.

*Kosa langu mwenyewe*

Sasa niwaambie jambo ambalo si rahisi kulisema.

Nilipotoka chuo cha ualimu, nikiwa na cheti changu na miaka yangu ya madrasa, niliitwa na familia moja niwasaidie mirathi. Marehemu aliacha mke, mama yake mzazi, mwana wa kiume mmoja na binti mmoja. Mali ilikuwa shilingi 7,200,000. Mke ana thumuni, mama ana sudusi, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike.

Nikampa mke thumuni, 900,000. Zikabaki 6,300,000. Nikampa mama sudusi ya hizo zilizobaki, 1,050,000. Watoto wakagawana iliyosalia. Watu wakanishukuru, tukasoma dua, nikaenda nyumbani.

Usiku sikupata usingizi. Sudusi ya mama si ya kilichobaki baada ya mke. Ni sudusi ya mali yote, yaani 1,200,000. Nilimpunja yule bibi kizee 150,000, aliyempoteza mwanawe, na tena kwa jina la Qur'ani.

Baada ya swala ya alfajiri nilirudi. Miguu ilikuwa mizito, wallahi. Nikawaeleza kosa langu mbele ya wote na kuwaomba radhi. Hesabu sahihi ni hii: KDS cha 8 na 6 ni 24. Mke mafungu 3, mama 4, zinabaki 17 kwa watoto. Kumi na saba haigawanyiki kwa tatu, basi zidisha zote kwa 3, asili iwe 72: mke 9, mama 12, mwana 34, binti 17. Jumla 72. Kila fungu ni shilingi 100,000. Yule kijana akarudisha 100,000 na dada yake 50,000, bila neno. Bibi akaniombea dua. Mpaka leo nikitaja sehemu darasani huwa nauliza kwanza: sehemu ya nini?

Ndiyo maana ninampenda Al-Khwarizmi. Mtu aliyekaa na khalifa, aliyepima nyota na bahari, aliona ni ibada kukaa chini na kuhesabu theluthi ya dirhamu ili mtu baki asidhulumiwe wala mwana asidhulumiwe.

*Alichoacha*

Alifariki mnamo mwaka 850 hivi. Elimu yake haikufa naye. Mwaka 1145 huko Segovia, Hispania, Robert of Chester alikitafsiri kitabu cha al-jabr kwa Kilatini, na Gerard of Cremona naye akakitafsiri katika karne hiyohiyo. Ulaya wakasoma kwacho kwa mamia ya miaka. Kitabu chake cha tarakimu nacho kilitafsiriwa, na jina lake likatamkwa kwa ndimi za kule mpaka likawa algoridhimu, neno la hatua zinazofuatana mpaka kufikia jibu. Simu unayosomea ujumbe huu haiendi bila hizo.

Kwa hiyo kijana wangu wa jana, hilo ndilo jibu lako. Siku moja utaketishwa mkekani, mayatima upande huu na wajane upande ule, na karatasi mbele yako. Siku hiyo hutaulizwa umepata alama ngapi. Utaulizwa haki ya nani iko wapi.

Na kwa sisi wakubwa, mambo matatu ya kufanya kabla mwezi haujaisha.

Kwanza, andika wasia wako. Mtume wetu (s.a.w.) amehimiza kwamba Muislamu mwenye cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Kumbuka usizidi theluthi, na usiwe kwa mrithi.

Pili, andika madeni yako, unayodai na unayodaiwa. Umeona mas-ala ya ndugu wawili: deni moja ndani ya familia linageuza hesabu yote.

Tatu, kama kuna mirathi nyumbani kwenu imekaliwa miaka, shamba la babu halijagawiwa, shangazi anaona haya kuuliza, basi Ramadhani hii liunge. Msikitini tupo, tutakaa nanyi, na safari hii nitahesabu mara mbili.

Mnajua, katika kikao baina ya sijda mbili tunaomba dua yenye neno la shina hilihili la jabr. Tunamwomba Mola atuunge pale tulipovunjika. Vipi tumwombe hilo usiku, na mchana tumemvunja ndugu kwa kumla fungu lake?

*Zoezi la baada ya futari*, kwa wazazi na watoto pamoja, nalo ni la kitabu chake. Mwanamke amefariki, ameacha mume, mwana wa kiume mmoja na mabinti watatu. Ameusia kwa mtu baki thumuni na subui ya mali yake, yaani ⅛ + 1/7. Anzeni na wasia: ni 15/56, haufiki theluthi, unapita. Zinabaki 41/56. Hizo mume apate robo yake, nyingine watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike. Mkiifanya mali kuwa mafungu 1120, mnapaswa kupata mtu baki 300, mume 205, mwana 246, kila binti 123. Jumlisheni muone kama zinatimia. Njia mletee hapa kesho, si jibu tu.

Ewe Mola wetu, mrehemu Muhammad bin Musa na waalimu wetu wote. Tusamehe tulipokosea katika haki za watu, na utupe ujasiri wa kurudi kurekebisha. Tuunge, utuongoze, uturuzuku. Amin.

Msisahau kumsomea dua mgonjwa wetu wa safu ya kwanza. Swaumu maqbul, inshallah tukutane tarawehe.